Mtihani wa Wingu: Namna ya Kuipima Kazi ya Fundi wa Mota za Sola, Jinja na Mbale

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, kila pampu ya sola ni nzuri. Maji yanaruka kutoka kwenye bomba, mwenye shamba anafurahi, fundi anakusanya koleo na waya zake. Saa hiyo haimpimi mtu. Jua likiwa tele, hata kidhibiti cha bei ya chini na mota iliyosukwa kwa haraka vitafanya kazi pamoja bila kugombana. Kazi ya kuendesha mota kwa nguvu ya jua hupimwa pembezoni mwa siku: saa mbili asubuhi mwanga ukiwa bado mchanga, dakika ile wingu linapofunika paneli, mchana kisima kinapoishiwa maji, jioni tangi linapojaa, usiku radi inapopiga. Anayejua kutazama nyakati hizo atamtofautisha fundi hodari na mbabaishaji bila kushika bisibisi. Mwongozo huu ni wake: mkulima wa kando ya Nile, mwenye mashine ya posho mjini Mbale, chama cha wakulima wa kahawa mlimani, na kijana anayejifunza ufundi na kutaka kazi yake idumu.

Jinja, nchini Uganda, imeishi na mota kwa muda mrefu. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na viwanda vikaufuata umeme, kikiwemo cha nguo cha Nyanza Textile ambacho kila mtu anakiita Nytil. Mota za viwandani zilihitaji watu wa kuzisuka upya zilipoungua, na ufundi huo upo hadi leo. Mbale nako mashine za kusaga na kukoboa zimelea mafundi wake. Maarifa hayo ni hazina. Lakini yalizaliwa kwenye umeme wa gridi, na mtu anayehamisha mazoea ya gridi kwenye paneli bila kuyachuja ndiye anayeharibu kazi nyingi za sola. Kwa hiyo tuanzie hapo.

Paneli si waya wa gridi

Mota ya kawaida ya fezi tatu, ile inayozungusha mashine ya posho, ikiwashwa moja kwa moja hudai mkondo wa karibu mara sita ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Mota ya kilowati 7.5 kwenye volti 415 hutumia takriban ampea 15 ikiwa kazini. Wakati wa kuanza inaweza kudai 90. Gridi huvumilia. Taa za jirani hufifia kidogo, kisha mambo yanaendelea.

Paneli haina akiba hiyo. Hata ukiipiga shoti wakati wa jua kali, mkondo wake huuzidi kwa kiasi kidogo tu ule wa kazi ya kawaida. Ukiitaka itoe mara sita, volti zake huporomoka. Mota itanguruma, itatetemeka, haitazunguka, na koili zitaanza kupata joto. Hata ule mtindo wa zamani wa kuanzisha mota kwa nyota kisha kuigeuza delta, ambao hupunguza mkondo wa kuanzia hadi theluthi, bado unadai takriban mara mbili ya kawaida. Paneli zilizopimwa kwa hesabu ya mota peke yake haziwezi kuutoa.

Dawa yake ni kidhibiti kinachoianzisha mota polepole. Madukani huitwa inveta ya pampu, au husomwa kwa herufi VFD zilizo juu ya sanduku. Huanza na hezi chache na volti chache, kisha hupandisha vyote viwili kwa pamoja. Uwiano wake ndio roho ya kazi: mota ya volti 415 kwa hezi 50 inataka kama volti 8.3 kwa kila hezi moja. Ikizunguka kwa hezi 25, volti ziwe karibu 207. Volti zikizidi uwiano huo, chuma cha mota hushiba sumaku na kuzalisha joto. Zikipungua, mota hukosa nguvu ya kuzungusha mzigo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha mnunuzi ni rahisi: mwambie fundi aiwashe mota huku wewe unatazama kioo cha kidhibiti. Hezi zinapaswa kupanda kwa utulivu kutoka chini, bila kuruka na bila kishindo katika shafti. Fundi anayewasha mota ya paneli kwa swichi tupu, ikashtuka na kupiga kelele, amekwishajieleza.

Jambo la pili ambalo gridi haikumfundisha fundi ni kuitafuta nguvu. Kila paneli ina mahali pake pazuri. Paneli ya seli 36 huonyesha kama volti 22 ikiwa haina mzigo, na hutoa nguvu yake kubwa kabisa karibu na volti 18. Ukiikokota hadi volti 12, theluthi ya nguvu uliyoilipia inapotea. Tena mahali hapo pazuri huhama kadiri joto na mwanga vinavyobadilika. Kidhibiti kizuri hupatafuta mfululizo, siku nzima, na kazi hiyo ndiyo inayotajwa na herufi MPPT. Wapo wanaobandika herufi hizo kwenye sanduku lisilofanya kazi hiyo. Usiridhike na kibandiko. Soma volti za paneli kwenye kioo: mwanga ukibadilika, hezi zipande na kushuka sana, lakini volti za paneli zicheze kidogo tu karibu na mahali pake. Zikiwa zinayumba ovyo, au zimeganda hata jua libadilikeje, kibandiko kinasema uongo.

Ujue mzigo kabla ya mota

Fundi mzuri huuliza kwanza: mota itazungusha nini? Mizigo haifanani, na kila mmoja una tabia yake mbele ya jua dhaifu.

Pampu ya impela ndiyo rafiki mkubwa wa sola. Maji yake hupungua sawia na mwendo, kimo cha kupandisha hupungua kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayohitajika hupungua kwa mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Ndiyo maana paneli zikitoa nusu ya nguvu, pampu bado inaweza kuzunguka kwa asilimia 80 hivi ya mwendo wake. Hii ni zawadi ya fizikia, na kidhibiti kizuri huipokea yote.

Lakini zawadi hiyo ina mtego. Tuseme pampu yako hupandisha maji mita 60 kwa hezi 50, kimo cha mwisho kabisa. Kwa hezi 40 haipandishi zaidi ya mita 38. Ikiwa kutoka maji ya kisima hadi mdomo wa tangi ni mita 45, basi kwa hezi 40 hupati hata tone. Mota inazunguka, kioo kinaonyesha uhai, na maji yamesimama ndani ya bomba yakipata joto. Yataanza kutoka baada ya hezi 43. Kwa hiyo muulize fundi swali moja linalowatoa jasho wababaishaji: maji yanaanza kutoka kwenye hezi ngapi? Aliyepima kisima chako atajibu papo hapo. Tena atakuwa amekiamuru kidhibiti kisiizungushe mota bure chini ya hapo. Kwa pampu za kuzamishwa kisimani kuna mpaka mwingine: nyingi hazitakiwi kuzunguka chini ya hezi 30, kwa sababu beringi inayobeba uzito wa shafti hulainishwa na utando wa maji, na mwendo ukiwa mdogo mno utando huo haujengeki.

Mahali maji yalipo mbali chini na yanayohitajika si mengi, hasa miinukoni kuelekea Mlima Elgon, pampu ya skrubu hufaa zaidi. Hii husukuma maji kwa kila mzunguko hata mwendo ukiwa mdogo, kwa hiyo huanza kazi mapema asubuhi. Lakini inadai nguvu ileile ya kuzungusha kuanzia mwanzo, na kidhibiti chake sharti kiwe hodari wa kuanza na mzigo.

Mashine ya posho ina tabia nyingine kabisa. Nyundo zake husaga kwa kasi ya ncha. Zikizunguka taratibu hazipondi mahindi bali huyasukasuka, chekeche linaziba, na mota inasongwa. Hapa kupunguza mwendo hakusaidii. Kinachotakiwa ni kuushika mwendo na kupunguza mahindi yanayoingia. Ukiona mashine ya posho ya sola yenye mlango wa kulishia unaorekebishika kwa urahisi, na karibu yake mita inayoonyesha mzigo wa mota, ujue aliyeifunga anaelewa kazi. Ukiona faneli wazi tu inayomwaga mahindi kwa uzito wake yenyewe, ujue wingu la kwanza litaizima.

Kahawa ya Arabika ya Bugisu inaleta fumbo lake. Matunda humenywa siku yaleyale yalipochumwa, na mara nyingi huletwa alasiri, jua linapoondoka. Mashine ya kumenya inataka mwendo wa wastani usioyumba: ikienda mbio huumiza punje, ikilegea huacha maganda. Fundi anayeiuzia familia mashine hiyo na paneli peke yake, bila kuuliza kahawa inafika saa ngapi, hajaitazama kazi. Hapo ama betri iwepo, ama uchumaji upangwe uishe mapema. Betri huipumzisha mota na mawingu yote, kwa gharama yake. Basi la Kayoola Solar, lililozinduliwa Februari 2016 na watu wa Kiira Motors, ambao kiwanda chao kiko Jinja, lina paneli juu ya paa, lakini paneli hizo hulisha betri, na betri ndizo zinazoendesha mota, kwa kuwa abiria hawawezi kungoja wingu lipite. Pampu inaweza kungoja, maana tangi lililojaa ndilo akiba yake. Fundi anayekuuzia betri kwa pampu ya shamba lenye tangi kubwa, mwombe akueleze kwa nini.

Wingu linapopita

Sasa tumefika kwenye kipimo chenyewe. Simama karibu na pampu siku yenye mawingu ya vipande, na utazame.

Kidhibiti duni hukutana na wingu kwa kuzima. Volti zinaporomoka, sanduku linakata, linangoja, linajaribu tena, linakata tena. Kila jaribio ni mshtuko kwa shafti, kwa beringi na kwa mabomba. Kibaya zaidi ni kile kinachosaka huku na huku: hezi 20, 45, 20, 45, mota inalia kwa kupanda na kushuka. Mota inayoishi hivyo huzeeka mapema.

Kidhibiti kizuri hufanya anachofanya dereva wa lori anapokutana na mlima: hushusha gia, hazimi injini. Wingu linaingia, hezi zinashuka kwa mteremko laini hadi pale paneli zinapoweza kubeba. Wingu likitoka, zinapanda tena, zikipanda kwa subira kuliko zilivyoshuka. Sauti yake ni pumzi ndefu isiyokatika. Na mwanga ukipungua kupita kiasi, kinaizima mota mara moja, kinatulia dakika kadhaa, kisha kinajaribu upya jua likisharudi kikweli.

Hakuna wingu siku hiyo? Funika sehemu ya paneli kwa turubai, taratibu, kisha kwa ghafla. Fundi mwenye kazi safi hatakuzuia. Atasogea karibu atazame nawe.

Jinja si Mbale

Miji hii miwili iko karibu na Ikweta, Jinja chini ya nyuzi moja kaskazini, Mbale nyuzi moja na kidogo. Jua la saa sita hupita karibu juu ya kichwa mwaka mzima, mara kaskazini, mara kusini. Kwa hiyo paneli zinataka kulala, zikiinuliwa nyuzi 10 hadi 15 tu ili mvua iteremke na kuosha vumbi. Ukiona paneli zimesimamishwa kwa nyuzi 35 au 40 zikitazama kusini, aliyezifunga alifuata kitabu cha Ulaya.

Huku kwetu mashariki na magharibi ndiko kwenye maana. Mbale ina mwamba wa Wanale upande wake wa mashariki, unaozidi mita 2,000, na kwa wanaoishi chini yake jua hufika likiwa limechelewa. Alasiri mawingu hukusanyika mlimani. Dirisha la jua linabanwa pande zote mbili, na fundi wa hapo sharti ajue saa za kiwanja chako hasa, si za mji mzima: kivuli cha mwamba kinatoka saa ngapi, wingu linaingia saa ngapi, ndipo aamue paneli zitazame wapi. Mahali palipo wazi, wengine hugawa paneli, nusu zielekee mashariki na nusu magharibi, ili mota ifanye kazi kwa saa nyingi badala ya kufurika mchana tu. Huo ni ujuzi, mradi makundi hayo mawili yasifungwe kwenye mfululizo mmoja, kwa sababu paneli dhaifu katika mfululizo huwavuta wenzake wote chini. Kwa sababu hiyohiyo, kivuli cha mgomba mmoja juu ya paneli moja si jambo dogo.

Jinja maji yako karibu, na wengi hutumia pampu ya juu ya ardhi inayovuta kutoka ziwani au mtoni. Hapa kosa la kawaida ni kuiweka juu mno. Uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na hewa nyepesi ya kimo hicho husukuma maji kwa nguvu pungufu. Kuvuta mita sita ni kazi. Mita nane ni ndoto. Pampu inayovuta kwa tabu husikika, kwani ndani yake huwa na mlio wa kokoto zinazosagana. Hakuna kidhibiti kinachoweza kuponya hilo. Dawa ni kuishusha pampu.

Na hesabu ya paneli zenyewe iwe na nafasi. Juu ya paa la bati, mchana wa joto, seli hufikia nyuzi 55 au zaidi, na nguvu hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi ya ile iliyoandikwa nyuma ya paneli. Ongeza vumbi na mawingu, utaona kwa nini mafundi makini huweka paneli za nguvu inayozidi ile ya mota kwa theluthi hadi nusu. Volti nazo zihesabiwe pande zote mbili. Mota ya fezi tatu ya volti 380 hadi 415 inataka kidhibiti kipate karibu volti 540 au zaidi kutoka kwenye paneli, nazo ni kama paneli 18 za volti 31 kwa mfululizo. Lakini paneli hizohizo, zisipokuwa na mzigo, huonyesha mfululizo wa volti 660 na zaidi, na baridi ya alfajiri mlimani huzipandisha tena. Kikomo kilichoandikwa kwenye kidhibiti kisivukwe hata siku moja ya mwaka. Kidhibiti kinachoungua alfajiri ya baridi huwa kimeuawa na hesabu iliyofanywa mchana.

Fungua sanduku

Fundi akizima umeme wa paneli na kukufungulia sanduku, tazama mambo machache.

Kwanza breka ya upande wa paneli. Umeme wa gridi hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na cheche inayozaliwa swichi ikifunguka hufa yenyewe. Umeme wa paneli haupiti sifuri kamwe. Cheche yake husimama na kuwaka. Breka ya nyumbani iliyowekwa kwenye volti 500 za paneli ni moto unaosubiri siku yake. Breka ya sola huandikwa wazi kwamba ni ya umeme wa DC na huonyesha volti zake. Kasoro hii peke yake inatosha kuikataa kazi.

Pili viungo. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe mweusi hazina nafasi juu ya paa. Viungo vya paneli viwe vya aina moja pande zote, vimebanwa kwa koleo lake. Kebo iwe ile inayostahimili jua, imefungwa isipepee, na imeingia sandukuni kwa chini, kupitia vishikio vya mpira, ili maji yasiifuate ndani. Ukiona tundu limetobolewa juu ya sanduku, mvua za Machi hadi Mei zitaliona pia.

Tatu upozaji. Mapezi ya alumini yasimame wima, hewa ipande kati yake. Sanduku lining'inie kivulini, si juu ya ukuta unaotazama jua la magharibi, na pasiwe na gunia la mahindi lililoegemezwa kwake. Kapasita kubwa za ndani huzeeka kwa joto kuliko kwa kazi, na zile zilizoandikwa nyuzi 105 huvumilia kuliko zile za 85.

Mota yenyewe

Mota ya brashi ni rahisi kudhibiti na bei yake ni nafuu, ila brashi huisha na vumbi lake hubaki ndani. Ifae kazi ndogo zinazofikika, kamwe isiwe chini ya kisima. Mota zisizo na brashi, zenye sumaku za kudumu, hufanya kazi nyingi zaidi kwa paneli chache. Pampu kama SQFlex ya Grundfos hubeba kidhibiti ndani ya mwili wake na hukubali volti 30 hadi 300 za paneli. Faida yake ni upatanifu. Udhaifu wake ni kwamba ikiharibika, fundi wa mtaani hana cha kusuka.

Mota ya fezi tatu husukika popote, na hiyo ni nguvu kubwa kwa Jinja na Mbale. Lakini iliyosukwa kwa ajili ya gridi huenda isivumilie inveta, ambayo hutuma volti kwa mapigo ya ghafla, maelfu kwa sekunde. Mapigo hayo huzichosha koili za mwanzo. Kwa hiyo tazama usukaji: waya zimelala kwa nidhamu, karatasi ya kihami imejaa kila mfereji, vichwa vya koili vimefungwa kwa uzi visicheze, na vanishi imepenya hadi ndani na kukaushwa kwa joto, si kupakwa juu tu ing'ae. Kihami kipimwe kwa mega, yaani mita ya kupima kihami, mbele yako. Kikisoma chini ya megohomu moja, mota isiwashwe. Kazi mpya husoma mamia.

Jihadhari na mota ya fezi moja yenye kapasita ya kuanzia. Ndani yake kuna swichi inayokata kapasita mota ikishika kasi. Kidhibiti kikipunguza mwendo, swichi hurudi, na kapasita au koili ya kuanzia huungua. Fundi anayejua atakuchagulia mota ndogo ya fezi tatu, aifunge delta kwa volti 230, hata kama kwako hakujawahi kuwa na umeme wa fezi tatu. Huo ni uamuzi wa mtu aliyeelewa.

Mwishowe tumia masikio na mkono. Mlio mwembamba wa inveta ni wa kawaida. Mngurumo unaobadilika kadiri mwendo unavyobadilika ni beringi. Baada ya saa moja ya kazi, weka kiganja juu ya mota: joto la kuvumilika ni sawa, likikufukuza mara moja, kuna tatizo. Mota ya juu ya ardhi inayozunguka taratibu kwa muda mrefu hupoa vibaya, maana feni yake iko kwenye shafti ileile na huzunguka taratibu pia.

Kinga usizoziona

Kinga nzuri haionekani mpaka siku ya shida, kwa hiyo izalishe shida hiyo mwenyewe. Nyanyua kielea cha tangi kwa mkono: mota izime, na isirudi hapo hapo ukikiachia. Muulize fundi kidhibiti kinajuaje kwamba kisima kimekauka, kwa kihisi kilichoshushwa kisimani au kwa kusoma kupungua kwa mzigo wa mota, kisha mwambie akuonyeshe. Pampu inayozunguka bila maji hujiua kwa muda mfupi.

Kuhusu radi, ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana. Fremu za paneli, sanduku na mota vifungwe pamoja kwenye waya mmoja wa ardhi ulioshuka hadi fimbo iliyozamishwa vizuri, na pande zote za kidhibiti ziwe na kinga ya radi. Mara nyingi husahaulika ile waya nyembamba ya kielea inayotembea mita 100 au 200 hadi tangini. Ndiyo njia radi huitumia kuingia mlango wa nyuma. Fundi aliyeikumbuka, mheshimu.

Malipo ya mwisho

Siku hizi wakulima wengi huzipata pampu hizi kupitia mpango wa serikali wa umwagiliaji mdogo, ambamo serikali hulipa sehemu na mkulima sehemu. Wengine hununua kwa akiba yao au kwa fedha za chama. Kwa vyovyote, mwenye kazi ndiye anayetia saini kwamba kazi imekamilika, na saini hiyo isitolewe saa sita mchana. Muombe fundi akuachie karatasi yenye mambo matano: kimo kutoka maji ya kisima hadi tangini, hezi ambazo maji huanza kutoka, volti za mfululizo wa paneli zikiwa na mzigo na zikiwa hazina, kipimo cha kihami, na namna kidhibiti kilivyopangwa. Karatasi hiyo itamwezesha fundi mwingine kuitengeneza miaka ijayo, hata aliyeifunga akiwa amehama.

Kisha mkubaliane tangu mwanzo kwamba fungu la mwisho la fedha litalipwa baada ya mota kuonekana ikianza asubuhi, ikipita kwenye wingu, ikizima tangi likijaa na ikisimama kisima kikikauka. Fundi hodari hatayaona masharti hayo kuwa matusi. Nyakati hizo nne ndizo alizozifanyia kazi, na ndizo zinazotenganisha bei yake na ya mbabaishaji aliyekuja kabla yake.